Ndiva ya Nyumbani

Ndugu msomaji, leo tusafiri pamoja. Tunatoka mjini Same, mkoani Kilimanjaro. Tunapita Kisiwani. Kushoto kwetu ni mbuga kavu za Mkomazi. Kulia ni Milima ya Upare. Tukifika Gonja Maore tunaanza kupanda mlima. Tunafika Bombo.

Huku juu kuna migomba na hewa ya baridi. Mgeni husema, "Hapa maji si shida." Anakosea. Mlimani maji hayakai. Mvua ikinyesha, maji hukimbilia bondeni na kuchukua udongo wetu. Kiangazi kikifika, mama hupanda mlima na ndoo kichwani, na bustani yake inakauka.

Wazee wa Upare waliliona jambo hili zamani. Walichimba ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji. Usiku watu wamelala, ndiva inajaa. Mchana inafunguliwa, na watu wanamwagilia mashamba kwa zamu. Maji ambayo yangepotea usiku yanaleta chakula.

Mimi ni bwana shamba. Siku moja nilikuwa Bombo nikifundisha habari za ndiva. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kwako maji ya kuoshea vyombo unayapeleka wapi?" Nilinyamaza. Kwangu tuliyamwaga njiani, na mchicha wetu ulikuwa umenyauka. Nilikuwa nafundisha watu jambo ambalo mwenyewe silifanyi.

Niliporudi nyumbani tulianza. Nawe unaweza kufanya hivi:

Kwanza, chimba shimo karibu na mgomba. Lijaze majani makavu na takataka za jikoni zinazooza. Humo mwaga maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea. Maji ya sabuni usiyamwage juu ya mboga za majani.

Pili, funika udongo wa bustani kwa nyasi kavu au majani ya migomba. Haya ni matandazo. Jua halitakausha udongo upesi. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina, lisioze.

Tatu, mwagilia jioni au asubuhi mapema. Mwaga maji penye shina, si juu ya majani.

Nne, lima matuta yanayokata mteremko. Tuta linaloshuka na mteremko ni njia ya kupoteza maji na udongo.

Tano, kinga maji ya paa. Hebu tupige hesabu. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina eneo la mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake huleta lita 400. Hizo ni ndoo 20 za lita 20. Hata kama kiasi kidogo kitapotea, ni safari ngapi za mtoni umeziokoa? Acha maji ya kwanza yaoshe paa, ndipo ukinge. Funika pipa lako, mbu wasizaliane humo. Maji ya kunywa yachemshe.

Ndugu msomaji, leo jioni simama mlangoni kwako. Tazama maji yako yanakwenda wapi. Yakienda njiani, chukua jembe. Ndiva ya ukoo ilichimbwa na watu wengi. Ndiva ya nyumbani utaichimba wewe na jamaa yako.