Watu wa Dago Walionitoa Mtoni

Nimezaliwa Wazo, chini ya kilima kinachochimbwa mawe ya saruji, na hadi utu uzima bahari niliiona kwa mbali tu. Riziki yangu ilikuwa mchanga. Tulishuka Mto Tegeta na makoleo, tukapakia malori, jioni tukagawana pesa. Kiangazi mto ule unauvuka bila kulowa magoti. Masika ni habari nyingine: mvua ikipiga mitaa ya juu, maji hushuka ghafla, yakafunika mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, na aliyemo humo hana pa kukanyaga.

Ndivyo nilivyochukuliwa. Tulikuwa tunachimba upande wa chini, si mbali na mikoko ya Kunduchi, nami sikujua kuogelea hata kidogo. Walionitoa walikuwa wavuvi wa dago kutoka Kojani, Pemba, watu wanaohama na msimu na kuishi chomboni: humo wanapika, humo wanalala, humo wanashona nyavu. Walinirushia dumu tupu lenye kamba. Nahodha akaniita kwa sauti, "Likumbatie, mwanangu, usishindane na maji!" Nikalikumbatia, wakanivuta.

Nilipopata nguvu nilikwenda kuwashukuru, na sikurudi tena kwenye mchanga. Nahodha, ambaye leo namwita baba, alinifundisha kuelea kabla ya kunifundisha kuvuta wavu. Alinilaza chali kwenye maji ya kiunoni, mkono wake chini ya mgongo wangu, mpaka siku moja akauondoa bila mimi kujua. Hofu haikuisha siku hiyo. Ilipungua taratibu, kwa kulala juu ya mbao za chombo na kuusikia mkondo ukipita chini yangu.

Sasa ni mimi ninayerusha dumu. Kati ya Kunduchi na kisiwa cha Mbudya injini za boti huzima, kusi likivuma ngalawa hupinduka, na vijana wanaoogelea huvutwa nje na maji yanayokupwa. Nimejifunza kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake uko majini. Nimejifunza kutomfuata kwa mbele, maana atakushika mzame wote. Zamani aliyetolewa majini alininginizwa kichwa chini ili maji yatoke. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalituonyesha kumlaza chali, kumpulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua papo hapo, chomboni, bila kusubiri kufika ufukweni. Dakika chache bila hewa zinatosha kumpoteza.

Ndiyo maana aliye karibu ndiye muokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilipoanguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona. Kijana mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, akapewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Habari ile tuliisikia redioni tukiwa tumetia nanga, na baba akalia. Alikuwa anaikumbuka meli ya MV Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi Septemba 2011 ikielekea Pemba, kwao, na huko nako wavuvi walitoka kuokoa watu.

Moyo wa kuokoa tunao. Majaketi okozi hayatoshi, na mafunzo yakija huwakuta wenyeji tu, watu wa dago wakiwa nje wanavua au wameshahama. Nawaomba wanaoyaandaa waje wakati wa mbalamwezi. Siku hizo sisi tunaovua kwa taa hatutoki. Vyombo vimetia nanga Kunduchi, na mabaharia wote, wageni kwa wenyeji, wanapatikana kuanzia asubuhi.