Filimbi Katika Ngazi

Msomaji wangu, kama umepata kupiga mbinja katika kinywa cha mtungi mtupu, nusu ya habari hii umekwisha kuijua. Mtungi hukujibu. Ukijaza mtungi huo pamba, ukapiga mbinja ile ile, husikii jibu ila pumzi yako mwenyewe. Nusu ya pili ya habari ilinigharimu miezi minane na aibu kidogo, nami nitakueleza bila ya kuficha.

Babu yangu alikuwa mkulima wa minazi katika nchi ya Kwale, na mpigaji wa chivoti. Chivoti ni filimbi ya mwanzi ya Wadigo. Hushikwa ikalala ubavuni, wala haielekezwi mbele kama zumari. Jioni, kazi ilipokwisha, babu alikaa juu ya ukingo wa kisima cha kale kilichokauka, akainamisha kichwa, akapiga. Alikuwa na nyimbo nyingi za furaha ambazo watu walimwomba, na mmoja ambao hakuna aliyethubutu kumwomba. Huo aliutunga mwenyewe alipofiwa na mtoto wake wa kwanza. Haukuwa na maneno wala jina. Sisi watoto tuliuita "wa kisimani". Alipiga pumzi moja, akanyamaza kitambo, akapiga nyingine. Tulidhani kwamba uzee umemchosha.

Babu alifariki mwaka 1998, na hapakuwa na mtu aliyekuwa amenasa hata sauti moja ya chivoti chake. Baadaye ndama alitumbukia kisimani, na kisima kikafukiwa kwa kifusi. Mimi nilirithi mwanzi. Mwaka 2017, nilipokuwa karani mjini Nairobi, shangazi yangu, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu, aliniletea maneno kwa simu ya binamu yangu: "Mwanangu, ninasie ule wa kisimani niwe nausikia jioni. Miguu imenikataa, sasa hata uani sitoki."

Nilifurahi kupewa kazi nyepesi. Nilikijua kila kipande cha wimbo ule. Nikafunga mlango wa chumba changu katika mtaa wa Majengo, nikaweka kinasa sauti juu ya meza, nikapiga mara moja tu, nikaupeleka. Jibu lilikuja siku ya pili: "Sauti ni hizo, lakini si wenyewe. Umekimbia. Baba hakuwa akikimbia."

Maneno haya yaliniuma. Nilirudia kwa mwendo wa pole, na wimbo ukawa kama mzee anayeburuta viatu. Nilirudia tena, na jirani yangu, mama wa mtoto mchanga, akagonga ukuta: "Kaka, mtoto amelala!" Usicheke, msomaji, jambo hili limewapata waliotuzidi. Sonny Rollins, mpiga saksafoni mashuhuri wa Marekani, aliogopa kumsumbua jirani mjamzito, akawa akienda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg mjini New York, tangu mwaka 1959 mpaka 1961. Yeye alikuwa na daraja. Mimi nilikuwa na chumba chenye godoro, pazia, nguo zilizoning'inia ukutani na gunia la makaa. Vitu laini kama hivi humeza sauti. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa chuo cha Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kutengeneza ukumbi ambao maneno ya wahadhiri hayakusikika vema kwa wingi wa mvumo. Alibeba mito ya viti usiku kucha, akiiingiza na kuitoa, akipiga bomba la kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufa. Alifanya kazi usiku kwa kuwa mchana mji haukumruhusu kusikia. Akapata ya kwamba ukubwa wa chumba, na vitu vinavyomeza sauti humo, ndivyo vinavyotawala mvumo. Kumbe mimi nilikuwa nikipiga ndani ya mtungi wa pamba!

Basi nikaanza kuuzunguka mji kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nilikwenda katika njia za miguu chini ya barabara kuu ya Thika. Humo mwangwi ni mwema sana, lakini ni wa honi za matatu kwanza, na wa filimbi baadaye. Nilijaribu tangi la maji lililokuwa likisafishwa, nikaona kwamba sauti yake ni ya bati, nalo hung'ang'ania noti moja kama mlevi mwenye neno moja. Niliingia katika maegesho ya magari chini ya ardhi. Dari ya mahali pale ni fupi, na sauti hukimbilia pembeni isirudi. Huko askari wawili walinitoa kwa kunishika mkono. Hawakunipiga, lakini walinitazama kwa huruma ambayo mtu mwenye akili timamu hapendi kutazamwa nayo.

Mahali penyewe palikuwa katika jumba nililofanyia kazi. Lilikuwa na orofa sita, na kwa kuwa watu wote walipanda lifti, ngazi zilikaa tupu. Jioni moja ya mwezi wa Julai umeme ulikatika, nikashuka kwa miguu. Katika orofa ya sita niliinama juu ya chuma cha kushikia, nikachungulia katikati ya ngazi mpaka chini kabisa. Kulikuwa na giza, na ubaridi ukanipanda usoni. Nikapiga mbinja, na shimo lile likanijibu.

Kesho yake usiku nilirudi na mwanzi. Nilipiga kama nilivyozoea, na fujo iliyotokea siwezi kuisimulia! Sauti ya kwanza haijafa, ya pili imekwisha kufika; ya tatu ikawapanda wote wawili mgongoni. Sauti hupita mita 340 hivi kwa sekunde moja, na jumba lile lilikuwa na urefu wa mita 20 hivi. Kwa hiyo sauti yangu ilishuka chini na kurejea kabla ya thumni moja ya sekunde, ikashuka tena, ikarejea tena, na zege na lipu hazikuinyonya. Nilipiga noti moja fupi, nikahesabu. Nilifika tano kabla ya kimya. Nikapiga pumzi moja ya wimbo, nikanyamaza mpaka ngazi zimalize kusema, kisha nikapiga ya pili juu ya mkia wa ile ya kwanza.

Hapo nilikaa chini juu ya ngazi. Babu hakuwa amechoka. Alikuwa akingoja kisima. Mimi katika utoto wangu nilishika kila sauti aliyoipiga, nikaacha kila kimya, kwa maana mtoto hahesabu kimya. Kwa miaka karibu 20 nilikuwa nikijivunia wimbo ambao nusu yake sikuwa nayo.

Zilizobaki zilikuwa shida za kazi, nazo nitazitaja kwa ufupi kwa ajili yako wewe ambaye labda utajaribu. Mwanzi baridi hutoa sauti ya chini kuliko mwanzi uliopata joto la pumzi, na Julai ya Nairobi ina baridi. Kwa hiyo nilikuwa nikiupasha kwapani kabla ya kuanza. Kinasa sauti nilikiweka orofa mbili chini yangu juu ya sweta iliyokunjwa, mbali na chuma cha kushikia, ambacho hutetemeka hata kwa hatua za mtu. Ukikiweka karibu nawe kitanasa filimbi na mate. Ukikiweka mbali mno kitanasa jumba peke yake. Pampu ya maji ilikoma saa tatu usiku. Kabla ya hapo hapakuwa na la kufanya.

Usiku wa nne bawabu alipanda na kurunzi. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. "Kijana," akasema, "unaita nyoka?" Nilimweleza habari yote, na habari ya shangazi. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba atanipa nusu saa kila usiku, kwa sharti kwamba yeye akae papo hapo, maana jumba likiibiwa ataulizwa yeye. Akakaa katika ngazi za chini, kurunzi imezimwa.

Usiku huo nilipiga kuliko nilivyopata kupiga. Nilisubiri kila kimya mpaka mwisho wake. Nilipotoa pumzi ya mwisho, na ngazi zikawa zinaimaliza polepole, nikasikia kutoka gizani sauti nzito ya mzee ikisema: "Pole sana, kijana."

Mvumo wa filimbi ulikuwa haujafa bado. Neno lake likapanda juu pamoja nao, likavuma, na kinasa sauti kikanasa vyote.

Sikuwa na moyo wa kumlaumu. Nilimshukuru, nikapiga tena mara tatu usiku ule, naye akakaa kimya kama jiwe. Nyumbani nilizisikiliza zote nne. Zile tatu zilikuwa safi, na nilijisikia ndani yake nikiogopa kukosea. Ile ya kwanza ilikuwa na neno la mtu ambalo halimo katika wimbo wa babu. Nilibishana na nafsi yangu siku mbili. Nilikumbuka kwamba Paul Horn, mpiga filimbi wa Marekani aliyeingia katika Taj Mahal mjini Agra mwaka 1968 na kupiga peke yake chini ya kuba ambalo noti moja hudumu sekunde 28 hivi, aliiacha sauti ya mlinzi wa pale katika sahani yake. Lakini mlinzi yule alikuwa akiimba; wangu alikuwa akitoa pole. Mwishowe nilipeleka zote mbili, iliyo safi na iliyo na neno, nikasema shangazi achague.

Binamu yangu alinisimulia baadaye. Shangazi alisikiliza ile safi, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema, "Ndio wenyewe." Kisha akasikiliza ya pili, macho ameyafumba. Kimya cha mwisho kilipofika, na sauti ya bawabu ikasema pole, shangazi hakuuliza ni ya nani. Aliitikia, "Nimekwisha poa, baba," akaomba irudishwe mwanzo.