Upana wa Tairi
Baiskeli ya mashindano ya lami huundwa kwa ajili ya mbio. Matairi yake membamba hujazwa upepo hata yakawa magumu. Katika vilima vya Flint Hills, Kansas, Marekani, ambako mashindano ya changarawe ya Emporia yalianza mwaka 2006, ugumu huo ni adhabu: kila kokoto humtikisa mpandaji, na mawe makali hupasua mpira. Tairi pana lenye upepo mdogo hunyumbuka, hushika ardhi na humpunguzia uchovu. Lakini upana una mpaka, na mpaka huo umo katika fremu na breki. Tope likijaa penye nafasi finyu, gurudumu hukwama, na mpandaji huanguka. Basi mwenye busara hupima nafasi hiyo kabla hajanunua, kwani tairi hubadilishwa kwa saa moja, bali mfupa uliovunjika huungwa kwa miezi.