Dakika Moja Bila Kusita

Mtu akiambiwa aseme juu ya jambo analolijua kwa muda wa dakika moja, hucheka, akidhani ni kazi ya mtoto. Dakika moja ni nini? Ni muda wa kufunga viatu na kutafuta kofia. Walakini yule aliyekwisha kujaribu kwa masharti ya Bwana Ian Messiter hacheki tena. Masharti yenyewe ni matatu tu: msemaji asisite, asirudie neno alilokwisha kulitaja, wala asitoke nje ya jambo alilopewa. Hapo ndipo sekunde 60 huwa ndefu kama kupanda mlima na mzigo kichwani, na wanasheria, wabunge na waigizaji wenye sifa huonekana wakikwama katika sekunde ya tisa, midomo wazi, kana kwamba hawakupata kusema lugha yao tangu kuzaliwa.

Mchezo huo ndio kiini cha kipindi cha redio ya BBC kiitwacho Just a Minute, maana yake “dakika moja tu,” kilichosikika Uingereza kwa mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1967. Redio yenyewe iliyokitangaza, yaani Radio 4, ilikuwa haijatimiza miezi mitatu. Wengi waliokisikiliza wangali watoto wamekuwa babu na bibi, na bado wanakizungumza kama watu wanavyozungumza habari za kijiji walichohama.

Asili yake ni darasani. Bwana Messiter alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Sherborne, kusini mwa Uingereza, mwalimu wake wa historia alimkuta siku moja akiota ndoto mchana huku somo likiendelea. Mwalimu akamwamuru ayaseme tena mambo yote yaliyofundishwa katika dakika iliyopita, bila kusita wala kurudia. Wengi wetu tungekumbuka aibu ya siku ile na kuinyamazia. Yeye aliihifadhi miaka mingi, hata siku moja alipokuwa amepanda ghorofa ya juu ya basi namba 13 huko London, ikamrudia akilini, akaona kwamba adhabu ile yaweza kuwa mchezo. Akaongeza sharti la kutotoka nje ya jambo, akatunga na hesabu ya pointi. Kabla ya mwaka 1967 alikuwa amekwisha kuujaribu kwa jina lingine katika miaka ya 1950, mwenye kiti akiwa Bwana Roy Plomley.

Wachezaji huwa wanne. Mmoja hupewa jambo la kusemea, nalo laweza kuwa lo lote: kukata kucha, mfalme wa zamani, supu, mama mkwe. Anaanza, na wenzake watatu wanamtegea masikio kama paka wanaomngoja panya. Akisita au akirudia, mmoja hubonyeza kengele na kumshitaki. Shitaka likiwa kweli, mshitaki hupata pointi na kulichukua jambo lenyewe kwa sekunde zilizobaki. Likiwa si kweli, pointi ni ya msemaji, naye anaendelea. Na ye yote anayesema wakati filimbi inapopigwa mwishoni mwa dakika hupata pointi nyingine. Mwenye kukamilisha dakika nzima bila kukatizwa huongezewa, na ukumbi wote hupiga makofi kama kwamba amevuka bahari kwa kuogelea.

Mtu anayesema Kiswahili akiufikiri mchezo huu ataona mara moja kwamba kwetu ungekuwa mgumu kupita kiasi. Waingereza husameheana vile vijineno vidogo vya kuunganishia, maana hakuna awezaye kusema bila hivyo. Kwetu ingebidi kusamehe “na,” “ya,” “wa,” “kwa,” na jamaa zao wote. Lakini shida si hiyo peke yake. Lugha yetu hupenda kurudia kwa makusudi. Mtu akisema “pole pole,” amekwisha kushitakiwa. Akisema “haraka haraka” ili ajiokoe, amezidi kuzama. Aliyezoea kupamba hotuba yake kwa “mbali mbali” na “mara kwa mara” asithubutu kukaribia kengele ile. Huenda mtoa vitendawili angefaa zaidi, kwa sababu amezoea kuulizwa ghafula mbele za watu na kupoteza mji asipojibu.

Mwenye kiti tangu siku ya kwanza alikuwa Bwana Nicholas Parsons, na hapa ndipo habari inapostahili kukaliwa kwa muda, kwani hakukitaka kiti kile. Alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Grantham, baba yake akiwa daktari. Katika ujana wake alitumwa kujifunza kazi ya mitambo huko Scotland, kwenye karakana za mto Clyde, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye jukwaa. Mwaka ule wa 1967 alitaka awe mmoja wa wachezaji. Kiti kilikuwa kimekusudiwa Bwana Jimmy Edwards, mchekeshaji mwenye masharubu makubwa, lakini hakuweza kufika siku ya Jumapili, siku ya kurekodi. Basi Bwana Parsons akaombwa akikalie kwa kujaribu, na wakubwa walipokisikiliza kipindi hicho cha majaribio hawakukipenda sana. Kama si kijana mmoja mtayarishaji, Bwana David Hatch, aliyetishia kuacha kazi kipindi kisipokubaliwa, yote yangeishia pale. Kijana huyo baadaye alikuja kuwa mkuu wa redio zote za BBC, kwa hiyo tishio lake halikumdhuru.

Na kuna jambo lingine ambalo wasikilizaji wengi hawakulijua kwa miaka mingi: Bwana Parsons alikuwa na kigugumizi alipokuwa mtoto. Mtu aliyeteseka shuleni kwa sababu maneno yalikataa kutoka, ndiye aliyeketi zaidi ya miaka 50 akiamua ni nani aliyesita na ni nani hakusita. Labda ndiyo sababu aliamua kwa upole. Mara nyingi alimpa pointi yule aliyekosea shitaka lakini akachekesha watu, na mshitakiwa naye akapewa yake, hesabu ikawa ya ajabu. Lakini hakuna aliyekwenda nyumbani akijiona amedhulumiwa.

Tena alikubali kuchekwa. Wachezaji walimkejeli mavazi yake, umri wake na maamuzi yake, naye akajibu kwa heshima ya mtu anayejua kwamba mwamuzi asiyetukanwa kidogo hana mchezo wa kuamua. Wengi wanaopewa viti hufikiri kwamba kiti ni kwa ajili yao. Yeye alikitumia kama mpini wa jembe, wengine wakalima.

Wachezaji wa siku zile walikuwa wanne ambao majina yao bado hutajwa pamoja: Kenneth Williams, Clement Freud, Derek Nimmo na Peter Jones. Bwana Freud, mjukuu wa yule daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili, alikuwa mpishi na mwandishi wa magazeti, na tangu 1973 hata 1987 akawa mbunge. Yeye alicheza ili ashinde. Hila yake ilikuwa kutaja orodha ndefu ya vitu, kimoja kimoja, kwa sauti nzito isiyo na haraka, kwa kuwa orodha hairudii neno. Na alipenda sana kubonyeza kengele zikiwa zimebaki sekunde mbili, ili filimbi imkute yeye. Wenzake walilalamika. Alijibu kwamba hayo ndiyo masharti. Bwana Nimmo alisimulia safari zake za nchi za mbali. Bwana Jones alionekana kama aliyeingia ukumbini kwa bahati mbaya, akitafuta mlango wa kutokea, kisha akasema neno moja la taratibu lililowaangusha watu wote kwa kicheko. Wanawake pia walikuwapo, ingawa si wengi kama ilivyostahili. Bibi Sheila Hancock alianza katika miaka ile ile ya 1960, na alikuwa mkali kuliko wengi wa wanaume hao.

Lakini sauti ambayo watu huiiga mpaka leo ni ya Kenneth Williams. Ilitoka puani, ikapanda, ikashuka, ikavuta neno moja kama mpira hadi sekunde nne nzima zikapita. Akishindwa katika shitaka alifoka, akamtukana mwenye kiti, akauliza kwa nini alijisumbua kuja kutoka Great Portland Street, mtaa ambao hauko mbali na ukumbi wenyewe. Watu walicheka wakidhani yote ni mchezo. Alipokufa mwezi wa Aprili 1988, na shajara zake zikachapishwa mwaka 1993, wasikilizaji walisoma habari za mtu mpweke, mwenye maumivu, aliyerudi katika nyumba ndogo iliyo kimya baada ya makofi. Wako waliosema kwamba heri wasingalizisoma. Hata hivyo huenda kuzisoma kulikuwa haki yake. Kicheko kilichotolewa na mtu mwenye furaha ni kitu chepesi. Hiki kilikuwa na gharama, na aliyelipa hakuwa msikilizaji.

Baada yake wengi walifikiri kipindi kimekwisha. Lakini mwaka 1989 alikuja Bwana Paul Merton, kijana wa London asiyefanana hata kidogo na wale wa zamani. Hakujali sana kushinda. Angeliweza kuanza na supu, na katika sekunde ya ishirini supu hiyo imekwisha kuwa na miguu na inatafuta kazi. Wazee walinung’unika kidogo, kisha wakanyamaza kwa sababu walikuwa wakicheka. Mwaka 2012 kipindi kikapelekwa hata Mumbai, na Wahindi wakaonyesha kwamba Kiingereza si mali ya mtu mmoja.

Kwa miaka mingi kilisikika Jumatatu jioni saa kumi na mbili na nusu, kisha kikarudiwa Jumapili mchana. Hakuna aliyebonyeza kengele kwa kurudia huko. Sauti yake ilikuwa sehemu ya nyumba: viazi vinamenywa, baba anarudi kazini na koti lenye mvua, na mara muziki wa kinanda unaanza, ule waltz wa Chopin ambao watu huuita wa dakika moja ingawa wapigaji wengi hawaumalizi katika dakika moja. Watoto walijaribu mchezo mezani na katika gari safarini. Mtoto mwenye haya alipewa jambo kama vile “viatu vyangu,” na ndugu zake wakamngoja aseme “viatu” mara ya pili, kisha wakabishana, maana maneno ya jambo lenyewe huruhusiwa kurudiwa. Si mwalimu, wala kitabu, ila sanduku lile rafuni, lililowafundisha kwamba maneno yana thamani na kwamba mtu aweza kukatizwa bila kuchukiwa.

Waliondoka mmoja mmoja. Bwana Nimmo mwaka 1999. Bwana Messiter, aliyekaa miaka mingi kando ya mwenye kiti akishika saa na filimbi, mwaka ule ule. Bwana Jones mwaka 2000. Bwana Freud mwaka 2009. Bwana Parsons alibaki. Ilipofika mwaka 2018 ndipo kwa mara ya kwanza alikosa kufika kazini, na Bwana Gyles Brandreth akakaa mahali pake. Umri wake ulikuwa miaka 94. Karani wa ofisi yo yote anayejua daftari la mahudhurio atasoma habari hiyo na kuvua kofia.

Alifariki tarehe 28 Januari 2020, akiwa na miaka 96, na swali likawa kama lilivyo katika kila nyumba mzee anapoondoka: je, kiti kiwekwe ukutani, au kikaliwe? Palikuwa na sababu ya kukiacha. Kipindi na mtu vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, na aliyezoea sauti moja kwa nusu karne haombi nyingine. Lakini Bwana Parsons mwenyewe hakuwahi kusema mchezo ni wake. Kila wakati alisema ni wa Messiter. Basi mwaka 2021 watu mbali mbali walikikalia kwa zamu, kama ndugu wanaopokezana funguo, mpaka kikampata Bibi Sue Perkins. Anaongoza kwa mzaha zaidi na kwa haraka zaidi. Si Bwana Parsons, na hajaribu kuwa yeye, na kwa hilo anastahili kusifiwa.

Wasikilizaji wa zamani huenda kwenye idhaa nyingine ya BBC inayorudisha vipindi vya kale. Huko Kenneth Williams bado anafoka juu ya safari yake ya kutoka Great Portland Street. Bwana Freud anataja namna za jibini, kwa utaratibu, akiisikiliza saa. Bwana Jones ananong’ona jambo fulani na watu wanaangua kicheko. Mwenye kiti anasema shitaka ni sahihi, zimebaki sekunde tatu, jambo sasa ni la Clement. Wenzake wote wanaguna. Kisha Bwana Messiter anapuliza filimbi.