Nairobi Wanahesabu Vitabu Kwanza

Barabara ya Banda, katikati ya Nairobi, haina utulivu. Wachuuzi, wapita njia na magari yanayotafuta maegesho wanagombania nafasi, na Msikiti wa Jamia uko hatua chache tu. Barabarani hapo ndipo lilipo jengo la Maktaba ya McMillan, nguzo zake nene za mawe zikiwa mbele na masanamu ya simba wawili yakilinda ngazi. Asiyelijua hudhani ni mahakama.

Nilikwenda pale kwa shida moja. Nimezunguka maktaba za umma kadhaa, na nimeshaona mahali, sitapataja, ambapo kompyuta zilizopokelewa kwa ngoma na hotuba sasa zimefunikwa vitambaa. Bajeti ilikuwa na fungu la kununua, haikuwa na fungu la umeme, intaneti wala fundi. Nilitaka kuona watu wanaouendesha mradi wa maktaba kwa mpangilio mwingine.

McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan, na fedha za shirika la Carnegie la Marekani zikachangia. Kwa miaka 27 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958. Leo ni mali ya umma chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, pamoja na matawi yake mawili yaliyo Eastlands: Kaloleni na Makadara.

Mwaka 2017 mchapishaji Angela Wachuka na mwandishi wa riwaya Wanjiru Koinange walianzisha shirika la Book Bunk ili kuzifufua maktaba hizo tatu. Mwaka uliofuata wakawa na hati ya makubaliano na kaunti. Wote wawili walitoka kwenye ulimwengu wa vitabu. Ukandarasi na usimamizi wa majengo ya serikali waliujifunzia kazini. Ndiyo maana safari yao inamfaa kila anayetaka kujifunza kusimamia miradi: hatua zao zinaonekana wazi, na sehemu ya hatua hizo imo katika filamu ya Maia Lekow na Christopher King iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2025.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua kilichopo. Kuhesabu vitabu ni kazi ya vumbi, haina picha nzuri ya gazetini, lakini bila hesabu hiyo huwezi kuandika bajeti ya rafu, wala kuamua kipi kiingizwe kwenye mfumo wa dijitali mwanzo. Hesabu huibua na maswali yasiyokuwamo kwenye mpangokazi. Tazama namba zinazobandikwa kwenye migongo ya vitabu kwa utaratibu wa Dewey, unaotumika katika maktaba nyingi duniani. Fasihi ya Kiingereza imepewa safu nzima, 820 hadi 829. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika zimesongamana ndani ya 896, na Kiswahili kinatafutwa baada ya nukta: 896.392. Mwenye haraka ya kununua programu ya katalogi kabla ya kulijadili hilo atakuwa ameuhamisha upendeleo wa rafu na kuupakia kwenye kompyuta, kisha atauita maendeleo.

Kutoka katikati ya jiji nilipanda matatu ya Jogoo Road hadi Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za wafanyakazi Waafrika. Maktaba yake ni ndogo. Ungeweza kuitia yote kwenye kona moja ya McMillan. Saa za jioni wanafunzi waliovaa sare walikuwa wamejaa mezani. Nilimuuliza msichana mmoja amekuja kusoma kitabu gani.

"Sijakuja na kitabu cha hadithi, mwalimu," alinijibu bila kuinua kalamu. "Nafanya hesabu. Nyumbani hakuna meza."

Hapo ndipo nilipouelewa uamuzi ambao mwanzoni ulinishangaza: kwamba ukarabati ulianzia kwenye matawi madogo ya Eastlands, jengo kubwa lenye simba likasubiri. Mfadhili hupenda jengo kubwa. Lakini ukianza na dogo unalimaliza, wakazi wanalitumia na kukuambia ulipokosea, mafundi wako wanazoea kazi, na ukirudi kwa wenye fedha una kitu cha kuwaonyesha. Kosa la kwenye chumba kimoja hurekebishika kwa fedha kidogo. Kosa hilohilo kwenye jengo la mwaka 1931 linalolindwa kisheria ni balaa.

Somo gumu kuliko yote halihusu vitabu. Tangu makubaliano ya 2018, Nairobi imeshuhudia gavana akiondolewa madarakani Desemba 2020, baadhi ya majukumu ya kaunti yakiendeshwa na mamlaka maalumu, naibu akiapishwa kuwa gavana, kisha uchaguzi wa Agosti 2022 ukaleta mwingine. Kila anayeingia ana watu wake na vipaumbele vyake. Mradi uliosimama juu ya urafiki na kiongozi mmoja ungekufa pamoja na muhula wake. Kinachouvusha ni maandishi: nani ana wajibu gani, nani analipa nini, jengo ni la nani. Kisha kuna wakutubi, ambao ni waajiriwa wa kaunti. Magavana hupita, wao hubaki na funguo. Asiyewashirikisha tangu siku ya kwanza atajenga kitu kizuri ambacho hakuna atakayekifungua asubuhi.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapoalikwa kwenye uzinduzi wa kompyuta za maktaba ya mtaani kwenu, usitosheke na soda. Uliza nani atalipia umeme na intaneti mwaka wa pili. Uliza nani atazitengeneza zikiharibika. Uliza kama watoto wanaosoma pale waliulizwa wanahitaji nini. Asipopatikana wa kujibu, mwombe mgeni rasmi aweke mkasi chini kwanza.