Bahasha Tupu

Filamu ya Star Wars niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 10, katika kibanda cha video karibu na stendi, Morogoro. Kiingereza sikukijua, wala wenzangu tuliobanana benchi moja. Tulichokipenda ni mapanga ya mwanga, na yule mtu mrefu wa mavazi meusi, Darth Vader, anayepumua kama mgonjwa wa pumu. Tukirudi nyumbani tulipigana kwa mabua ya mahindi mpaka Mama atuite tukachote maji.

Miaka mingi baadaye maisha yalinileta Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Sikujua kwamba nimehamia mji wa Kenner, kampuni iliyotengeneza sanamu ndogo za plastiki za wahusika wa filamu ile. Sanamu ya Luke Skywalker, kijana shujaa wa hadithi, haifiki sentimita 10, inaenea kiganjani. Niliikuta kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya zamani mbele ya nyumba yake, nikainunua kwa dola 4, nikajisikia mtoto tena. Baada ya hiyo nikataka nyingine, kisha nyingine. Mke wangu akawa ananitania: “Baba watoto, Amri Kumi zinasemaje kuhusu sanamu?” Nikamjibu kwamba siziabudu, nazikusanya tu.

Lakini kitu nilichojivunia kuliko vyote hakikuwa sanamu. Kilikuwa bahasha ya kadibodi. Filamu ilipotoka Mei 1977 watu waliipenda kupita matarajio, na Kenner hawakuwahi kutengeneza sanamu za kuuza Krismasi ile. Basi wakauza ahadi. Mzazi alinunua bahasha isiyo na sanamu ndani. Mlikuwa na kadibodi yenye picha, stika, na cheti cha kujaza na kutuma kwa posta. Ukikituma, mwaka 1978 utaletewa sanamu 4: Luke, Binti Mfalme Leia, Chewbacca mwenye manyoya, na roboti R2-D2. Watoto walifungua zawadi ya Krismasi wakakuta karatasi. Mwaka uliofuata, sanamu zikaja kweli.

Habari hiyo niliipenda sana. Niliisimulia kwenye ibada ya jumuiya yetu tuliposoma Waebrania sura ya 11, nikasema imani ni kama mtoto yule aliyeshika cheti na kungoja. Wapendwa waliitikia amina.

Miaka hiyo hiyo dada yangu alikuwa akinipigia simu kutoka Morogoro. Mama ana presha ya macho. Anahitaji dawa ya matone kila siku, na nauli ya kwenda kliniki. Nikasema, “Dada, mwezi ujao natuma.” Mwezi ujao gari likaharibika. Uliofuata kodi ya nyumba ikapanda. Kisha ikawa Krismasi. Mara chache nilituma kidogo, kisichotosha. Sikuwa nadanganya, kila niliposema nilikusudia kwa moyo wote. Na sanamu niliendelea kununua, moja moja, kwa sababu moja haionekani kuwa nyingi.

Desemba iliyopita niliiangalia tena filamu ile pamoja na mwanangu, naye sasa ana miaka 10. Kuna mahali Luke anaomba ruhusa aende shule ya urubani. Mjomba wake, Owen, mkulima, anamwambia asubiri msimu mmoja tu, mavuno yanakuja. Ni wazi kwamba si mara ya kwanza kumwambia hivyo. Kijana anatoka nje, anasimama kutazama jua mawili yakizama. Mwanangu akauliza, “Baba, huyo mjomba ni mbaya?” Nikamwambia, “Hapana. Ana kazi nyingi tu.” Baada ya muda Luke anarudi na kukuta nyumba imeteketea, mjomba na mke wake wamekufa. Msimu ule haukufika.

Filamu ile nimeiona mara nyingi, na mjomba sikuwahi kumtazama. Usiku ule nilimtazama.

Nilinyanyuka kama mtu anayekwenda kunywa maji. Jikoni nikafungua ujumbe wa simu kati yangu na dada. Maneno “mwezi ujao” nilikuwa nimeyaandika mara 11. Kisha nikajumlisha gharama za sanamu za miaka miwili: dola 1,140. Nikakumbuka Yakobo, sura ya 2, mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo aende kwa amani, akapate joto.

Morogoro ilikuwa alfajiri. Mama alikuwa ameamka kwa sala. “Mama, nisamehe,” nikasema. Akanijibu, “Mwanangu, nilijua unahangaika.” Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kupoteza nuru. Daktari amemwambia dada kwamba kilichopotea hakirudi. Kinacholindwa sasa ni jicho la kushoto.

Nilianza kwa kuuza bahasha. Mnunuzi aliigeuza geuza akauliza kama cheti bado kimo. Nikamwambia kimo, hakijatumwa. Akafurahi, kwa kuwa hiyo ndiyo thamani yake kwa wakusanyaji: ahadi ambayo haikudaiwa wala kulipwa, safi kabisa. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kupata kitu kutokana na cheti kile. Nilipokuwa narudi nyumbani niliona kwamba ahadi zangu nilikuwa nikizitunza hivyo hivyo.

Sasa fedha za Mama hutoka siku ya mshahara, kabla ya kodi. Luke wa dola 4 nimempa mwanangu achezee. Juma lililopita Mama aliniambia kwamba kwa jicho lililobaki anaona kuku wake uani na kuwahesabu. Wako 7. Nilimwomba ahesabu tena, nami nikisikiliza.