Hewa ya Njombe

Ndani ya kabureta ya pawatila ndogo ya petroli kuna jeti, kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi. Tundu lake halifiki milimita moja. Injini ikiwa kazini, petroli karibu yote inapita hapo kabla ya kukutana na hewa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kila ugonjwa wa mashine yangu unaanzia katika tundu hilo.

Sikuizua imani hiyo hewani. Msimu wa kwanza, baada ya pawatila kulala stoo kiangazi chote ikiwa na mafuta tangini, iliwaka kwa choki tu. Ukifungua choki inazima; ukiibembeleza, mlio unapanda na kushuka bila kutulia. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kupoteza sehemu zake nyepesi, na kinachobaki hugeuka utando wenye harufu ya vanishi unaoziba njia nyembamba. Nilifunga koki ya mafuta, nikafungua bakuli, nikatoa jeti kubwa na ile ndogo ya sailensa, nikaziosha na kuzipuliza kwa kompresa. Sikuchokoa kwa waya, maana waya hupanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi. Nilipovuta kamba, injini iliitika na kutulia. Furaha ya siku ile ninaikumbuka hadi leo, na nadhani ndiyo iliyonifumba macho baadaye.

Kwa sababu msimu uliofuata ilipoanza kulemewa, meno yakizama kwenye udongo mwekundu wa shamba la viazi na moshi mweusi ukitoka, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kabureta. Jeti ilikuwa safi; niliielekeza juani na mwanga ukapita. Niliisafisha hivyo hivyo. Ni ajabu jinsi tiba iliyokwisha kukuponya inavyokuzuia kuuangalia ugonjwa mpya. Dalili zilikuwa zimegeuka kabisa: mwanzo injini ilikuwa inakosa mafuta, sasa ilikuwa inayapata kupita kiasi. Lakini mimi nilikuwa nimeshashika spana.

Mzee mmoja fundi, ambaye hutengeneza pampu za maji pale sokoni, hakuigusa kabureta. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba plagi. Ilikuwa nyeusi, kavu, imejaa masizi.

"Mwalimu, hii haina njaa," akasema. "Hii imevimbiwa."

Kisha akavuta choki nusu huku injini inaunguruma. Ingekuwa na upungufu wa mafuta ingepata nafuu. Yetu ilikohoa zaidi. Akauliza mashine ilinunuliwa wapi. Dar es Salaam, nikamjibu. Akatikisa kichwa taratibu, akatazama vilima, akaniambia kwamba hewa ya huku si ya kule.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya tano. Tundu la jeti halijui hilo. Linapitisha mafuta kama vile bado liko Dar, wakati hewa ya kuyachoma imepungua. Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Uwiano huo ukipotea, masizi ndiyo ushahidi. Vitabu vya Honda vya injini ndogo vinasema nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kila unapopanda mita 300, hata kabureta ikirekebishwa. Kwa hiyo sehemu ya uzito niliokuwa nikiulaumu haina dawa. Ndiyo bei ya kulima juu ya milima.

Na bado sijatulia. Mbona msimu wa kwanza, baada ya kusafisha, sikuona moshi? Mzee alipofungua chujio la hewa, sponji ilikuwa imeganda vumbi. Tuliliosha kwa maji ya sabuni, likakauka, tukalipaka oili kidogo, na moshi ukapungua zaidi ya nusu. Labda chujio lilipokuwa jipya lilinifichia habari ya mwinuko, na vumbi likaja kuufichua. Labda pia pete za pistoni zimeanza kuchoka. Nimeweka jeti yenye tundu dogo zaidi, na plagi sasa inatoka na rangi ya kahawia, rangi inayotakiwa. Hata hivyo siwezi kuapa ni kipi kati ya hivyo kilichoiponya, nami sitaki tena kuapa mapema.

Sasa shemeji yangu wa Usangu anaiomba kwa bustani yake ya vitunguu. Kule chini hewa ni nzito zaidi, na jeti hii ndogo itaifanya injini ikose mafuta, ipate moto, pengine iue pistoni. Nimemwambia tutairudisha ile jeti ya zamani kabla haijashuka, na kwamba siku ya kwanza, akishalima mistari michache, aizime, aiache ipoe, atoe plagi aitazame. Ikiwa ya kahawia aendelee. Ikiwa nyeupe asiwashe tena, anipigie.